Rola za Nywele na Kipupwe cha Julai

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai nilihesabu mapipa. Nilikuwa bawabu wa ghala la asali kule Dubai Investments Park, mahali ambapo kila jengo linafanana na jirani yake na mgeni hulijua lake kwa kuhesabu mageti tangu kwenye mzunguko wa barabara. Shati la sare lilinizidi saizi mbili, kofia ikanipungukia mbili. Kwa wastani nilivaa vizuri. Msimamizi akanipa karatasi iliyosema mapipa mia mbili na kumi. Nikahesabu, nikapata mia mbili na tisa. Nikahesabu tena. Mia mbili na tisa. Nikampelekea habari hiyo, akanitazama kama mtu aliyebishiwa hodi wakati wa chakula.

"Wewe ni bawabu au mkaguzi?"

"Mimi ni mtu aliyepewa karatasi, sir."

Saa nne asubuhi kukatokea jambo lililobadilisha maisha yangu. Kundi la nyuki wadogo wa pori lilitoka sijui wapi likatua kwenye boriti ya geti, likaning'inia pale mfano wa soksi nyeusi iliyojaa. Malori matano yakakwama nje. Madereva wakapandisha vioo, msimamizi akajifungia ofisini, na kupitia dirishani akawa anapiga kelele iletwe dawa ya kuua mende.

Mimi natoka Kitui. Kwetu mtoto huujua mzinga wa gogo kabla ya kulijua gari, na babu yangu alikuwa na mizinga mingi juu ya miti kuliko wajukuu chini yake. Nilichukua katoni, nikainyunyizia chai yangu ya sukari, nikaisogeza chini ya lile kundi, nikaigonga boriti mara moja. Pu! Wakaanguka wote. Nikawapeleka nyuma ya ghala nikawamwaga kwenye tawi la mwarobaini, nikarudi kufungua geti. Niliumwa mara tatu. Nilihesabu.

Gari la pili kwenye foleni lilikuwa la mwenye ghala mwenyewe, ambaye wote tulimwita Arbab, yaani tajiri, mwajiri. Alikuwa raia wa huku huku, kanzu nyeupe na kilemba, lakini mama yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa safi hata nikakionea haya changu.

"Wewe kijana," akaniita. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nikaipokea zawadi hiyo kimya kimya. "Huogopi kuumwa?"

"Naogopa, Arbab. Lakini hao wanaogopa zaidi. Hawana nyumba."

"Na mapipa yangu mangapi?"

"Mia mbili na tisa."

Akacheka. "Mie nnajua. Moja nnalo nyumbani. Miezi minane hii, wewe ndo wa mwanzo kuliona halipo."

Wiki iliyofuata nilivuliwa kofia ya bawabu na kupelekwa kwenye shamba lake la nyuki, njia ya kwenda Hatta, mahali ambapo mchanga unaanza kukubaliana na mawe. Ndipo ilipoanza kazi ninayotaka kuwasimulia nyinyi vijana mnaofikiri kwamba Dubai kuna ulinzi, hoteli na kupakia makontena tu.

Shamba lilikuwa na mizinga arobaini ya masanduku. Ndani ya kila sanduku zinaning'inia fremu kumi, kama faili kwenye kabati, na juu ya fremu hizo nyuki hujenga masega. Vifaa vilikuwa bomba la moshi la kuwatuliza, chuma bapa cha kubandulia fremu, wavu wa uso, na subira. Hiyo ya mwisho haiuzwi hata soko la Naif. Miti yetu ilikuwa miwili: mgunga, unaochanua mwishoni mwa majira ya kuchipua, na mkunazi, unaochanua joto linapovunjika, kuanzia Oktoba. Asali ya mkunazi ndiyo watu wa huku huinusa kwanza, wakafumba macho, ndipo wakauliza bei.

Mfanyakazi mwenzangu alikuwa Okello, Mganda mwenye mwili wa mchezaji wa raga, dereva wa lori la maji. Okello alikubali kufanya kazi yoyote duniani isipokuwa kusogelea mzinga chini ya hatua kumi. Nilizipima hatua zake. Zilikuwa kumi na moja.

Sasa sikilizeni makosa yangu, maana kazi hujifunzwa humo. Shambani nilikuta kitabu kimoja kikubwa cha ufugaji wa nyuki, kilichoachwa na aliyenitangulia, kilichoandikwa katika nchi ya theluji. Nilikisoma chote, halafu nikakisoma tena. Kilisema: ifikapo Disemba, mfugaji awafunike nyuki wake wasife kwa baridi. Mimi mtu wa kutii maandishi, nikateremka Naif, nikapatana bei ya mablanketi arobaini hadi muuzaji akaniuliza kama kwetu hakuna watu wengine wa kusumbua, nikarudi nikaifunga mizinga yote vizuri kama maiti.

Disemba ya Dubai! Wenzangu mnaijua. Watu wanaenda pwani kuota jua. Kufika adhuhuri nyuki wote walikuwa nje, wametundikana mbele ya kila mzinga kama ndevu, wanajipepea kwa mabawa. Mizinga arobaini yenye ndevu, iliyovaa mablanketi ya maua. Arbab akashuka garini, akatazama kwa muda mrefu.

"Mutinda."

"Naam, Arbab."

"Nyuki wangu wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, Arbab."

"Mbona umewavisha kama wanasafiri?"

Okello alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Baada ya mwezi mmoja Arbab akamleta mtaalamu.

Tulimwita Injinia. Alitoka kwenye milima yenye theluji, mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyoumwa hadi vikawa vinene kama ndizi mzuzu. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande, na changu cha viraka, kwa hiyo tulielewana kabisa. Alipoyaona yale mablanketi kwenye stoo hakucheka. Alichora duara mchangani kwa kijiti.

"Kwetu, theluji ikianguka," akasema, "nyuki hawalali. Watu wanadhani wanalala. Wanajikusanya, hivi, tonge moja. Malkia katikati. Wanatetemesha misuli ya mabawa bila kupiga mabawa, wapate joto. Walio nje wakipoa wanaingia ndani, walio ndani wanatoka nje. Kwa zamu. Miezi mitano wanakula asali na kutetemeka."

"Miezi mitano?" Nikamkatiza. "Injinia, nyuki kibarua anaishi wiki sita. Babu yangu aliniambia, na kitabu kimeniambia."

Macho yake yakawaka. Hapo ndipo nilipoiona siri ya kazi hii, na hata leo nikiisimulia damu inanichemka.

Hesabu ya nyuki kibarua ni hii. Tangu yai hadi kutoboa kifuniko cha sega ni siku ishirini na moja. Akitoka, siku kama ishirini na moja anafanya kazi za ndani: kusafisha, kulisha majana, ndio watoto wa nyuki, kujenga, kulinda mlango. Kisha siku nyingine kama ishirini na moja anaruka nje kuleta chavua, maji na mbochi, ule utamu wa maua, mpaka mabawa yanachanika na anaanguka njiani. Ishirini na moja mara tatu. Nilipenda hesabu hiyo kwa sababu hata mlevi hawezi kuikosea.

"Huyo ni nyuki wa kazi," akasema Injinia. "Nyuki wa kipupwe, wa majira ya baridi, ni mwingine. Mama mmoja, yai lile lile. Lakini anazaliwa wakati malkia anaacha kutaga. Hana mtoto wa kulisha. Hana ua la kuendea. Mafuta anayotunza tumboni hayatoki. Huyo anaishi miezi mitano, sita." Akanielekeza kijiti kifuani. "Nyuki hauawi na siku, Mutinda. Anauliwa na kazi."

"Sisi hapa hatuna kipupwe."

"Mnacho. Mmekosea mwezi tu. Kipupwe chenu ni Julai."

Nilisimama nikatazama jangwa. Ni kweli! Julai hakuna ua hata moja, hakuna anayetoka nje ila mwenye shida, kila kiumbe kimejifungia. Theluji yetu ni jua.

Lakini kujua si kuiva. Kiangazi hicho cha kwanza cha Injinia, nilifanya kosa ambalo ni yule tu anayehesabu kila kitu mara mbili angeweza kulifanya. Mwishoni mwa maua ya mgunga nilifungua mizinga yote, nikahesabu fremu zilizojaa nyuki. Fremu nane, tisa, kumi. Nikahesabu tena. Nikampigia Arbab simu kwa furaha: mwaka huu hatuagizi nyuki wapya, tuna jeshi. Maana desturi ya huku, niwaambie, ilikuwa kuacha nyuki wafe kwa joto kila mwaka na kuleta wengine kwa ndege, kwenye masanduku, msimu wa maua ukikaribia. Wafugaji wote walifanya hivyo. Ni kama kununua gari jipya kila tangi likiisha.

Kufika Agosti mizinga mitatu tu ndiyo iliyokuwa na uhai. Jeshi langu lote lilikuwa la wazee. Walikwisha kuchoka kwenye mgunga. Kisha malkia akaendelea kutaga, na majana hayastahimili joto likizidi, basi waliobaki wakabeba maji mchana kutwa ili kulipoza sega, wakafa na mabawa yaliyochanika. Nilikuwa nimehesabu vichwa, sikuhesabu siku.

Injinia mkataba wake ukaisha, akarudi kwenye milima yake. Siku ya kuagana aliniachia neno moja tu: "Mfanye malkia apumzike." Hakusema vipi.

Arbab akajaza tena mizinga arobaini kwa nyuki wa ndege, mara ya mwisho, akasema. Mwezi wa Juni alinijia akiwa amechoka sura. Mwanawe alitaka shamba lifungwe, mahali pale wajenge ghala la achari.

"Mutinda, mie n'shachoka kuzika. Maua ya mkunazi yakifunguka nnataka nione mizinga thelathini hai. La sivyo, khalas. Tunafunga. Wewe na Okello mnarudi kwenu, na huko ghalani getini washaweka mashine."

Kurudi kwetu si aibu, lakini nilikuwa na miaka arobaini na minne, na katika umri huo hakuna anayekuajiri tena kwa bahati ya boriti ya geti. Na zaidi ya hapo, nilikuwa nimeshikwa. Nilitaka kujua kama Injinia alisema kweli. Nikafanya ninachokijua.

"Kumi na tano, Arbab."

"Thelathini."

"Mwaka jana mitatu. Kutoka mitatu hadi kumi na tano ni mara tano."

"Na kutoka arobaini hadi kumi na tano ni msiba. Ishirini na nane."

"Ishirini. Na mablanketi nakurudishia."

Akajizuia kucheka, akashindwa. "Ishirini na nne, na usinitajie mablanketi. Hapo sishuki."

Tukapeana mkono. Nyuki wenyewe hawakuulizwa.

Kumpumzisha malkia maana yake ni kumfungia asitage, lakini abaki ndani ya mzinga, watumishi wake wamguse na wamlishe, la sivyo watadhani amekufa na mambo yataharibika. Nilihitaji vizimba arobaini, vidogo kama kidole gumba, vyenye matundu ambayo ulimi wa nyuki unapita na malkia hapiti. Vya dukani vilikuwa vya kuagizwa ng'ambo, na Julai haingoji meli. Nilizunguka Naif siku nzima, sokoni, vichochoroni, kwa wauza nyavu, kwa wauza vyombo. Nikaingia duka la jumla la Bi Zuhura, mama wa Mombasa anayewauzia wachuuzi wetu nywele bandia na vipodozi. Nikainua macho. Juu ya rafu, kwenye pakiti za dazeni, rola za nywele za plastiki, zimetobolewa matundu mwili mzima!

Nikavua kofia kwa mshangao. Bi Zuhura akatazama upara wangu, akatazama rola, akarudi kwenye upara.

"Karibu mzee wangu. Hizo ni za bibi?"

"Za malkia, mama. Arobaini."

"Mashaallah. Malkia arobaini, na wewe mmoja? Ndiyo maana nywele zimekimbia."

Duka zima likacheka. Nilimweleza kuhusu nyuki. Hakuniamini, lakini alipunguza bei, nusu kwa huruma na nusu ili niendelee kuzungumza. Nikachukua pakiti nne, rola arobaini na nane, kwa kuwa vitu vya plastiki huvunjika. Nikazihesabu juu ya kaunta. Arobaini na saba. Nikahesabu tena. Arobaini na saba.

"Pakiti moja ina kumi na moja, mama."

"Wallahi wewe unahesabu rola?"

"Moja ni mzinga mzima."

Akafungua pakiti nyingine, akachomoa rola moja ya rangi ya waridi, akaniwekea kiganjani. "Haya, huyu malkia wako wa arobaini na nane. Mwambie asije kunishitaki."

Wiki ya kwanza ya Julai niliwafungia wote arobaini. Unamtafuta malkia kwenye fremu, unamshika mabawa kwa vidole viwili, unamwingiza kwenye rola, unaziba ncha zote mbili kwa nta, unaichomeka rola katikati ya masega. Okello alisimama kwenye hatua zake kumi na moja akinisomea namba nami nikiandika kwa kalamu ya wino juu ya kila mzinga. Namba thelathini na moja ilipata ile rola ya waridi. Tulitandika wavu wa kivuli, tukavika mizinga magunia yaliyolowa, tukapanga mabeseni ya maji yenye kokoto ili nyuki wanywe wasizame. Lori la Okello lilikuja kila alfajiri.

Mpango wangu ulikuwa siku arobaini na mbili. Siku ishirini na moja za kwanza, majana yote yaliyokuwamo yatoke. Hao wa mwisho kuzaliwa hawatamkuta mtoto wa kulisha; watakuwa nyuki wa kipupwe, wanene, wavivu kwa amri yangu. Siku ishirini na moja nyingine wapumzike. Katikati ya Agosti nitamfungulia malkia, na kutoka hapo ni siku arobaini na mbili tena kupata warukaji wapya: ishirini na moja za yai, ishirini na moja za ndani. Wangeanza kuruka mkunazi ukifumbua jicho. Hesabu ilikuwa nzuri kiasi cha kuniogopesha.

Mambo yakaenda. Na nyuki walinyamaza! Mzinga wa Julai kwa kawaida unavuma kama jenereta, wote wakipepea kulipoza sega la majana. Hii yangu ilinong'ona. Nilikuwa nikiweka sikio kwenye ubao, nikicheka peke yangu.

Siku ya ishirini na nne Arbab akaja bila taarifa. Akavaa wavu, akafungua mzinga aliotaka mwenyewe, namba thelathini na moja, akainua fremu ya kati. Hakuna yai. Hakuna jana hata moja. Sega tupu, na rola ya waridi imechomekwa.

"Nini hii, Mutinda?"

"Malkia, Arbab."

"Malkia umemtia kwenye rola ya nywele?"

"Amepumzika."

"Umewafunga! Hakuna mtoto hata mmoja humu. Mzinga bila mtoto ni kaburi, hata mie nnajua. Watoe wote. Leo. Yalla!"

Nikamwonyesha nyuki wale walivyo wanene, nikamwambia ya Injinia, ya tonge na theluji. Akasema theluji haijapata kunyesha njia ya Hatta. Basi nikarudi kwenye lugha tunayoijua sote wawili.

"Nipe siku kumi na nane, Arbab."

"Hata moja."

"Kumi."

"N'shasema."

"Basi gawana nami. Ishirini watoke leo, ishirini wabaki na mimi. Kama mimi ni mwendawazimu, utaokoa nusu."

Arbab aliwaza. Nusu ni neno ambalo mfanyabiashara hawezi kulipuuza. Akaivuta ile rola ya waridi kwa mkono wake mwenyewe, akabandua nta, akamwachilia malkia wa thelathini na moja atembee kwenye sega. Tukafungulia wengine kumi na tisa. Jua lilikuwa kali hata chuma cha kubandulia kilinichoma kupitia glovu.

Baada ya wiki, ile ishirini iliyofunguliwa ilianza kuvuma. Malkia wanataga, nyuki wanalisha, wabeba maji wanakwenda na kurudi, na kila asubuhi nilikuta mabawa yaliyochanika mbele ya milango. Okello akaacha kutania. Siku moja alisogea hatua tisa, zikabaki mbili, akaweka beseni karibu na mzinga, akakimbia. Kwa Okello hiyo ilikuwa sala.

Katikati ya Agosti nikafungulia ishirini yangu. Nilitaka kuwaona wakifa au wakiishi, lakini sikufungua mizinga. Kufungua hovyo ni kuwaua. Nilihesabu wanaotoka milangoni tu, na nikaandika.

Oktoba, mkunazi ukanukia. Arbab akaja na mwanawe, tukaanza kufungua mmoja mmoja. Ile ishirini niliyoachiwa: wa kwanza hai, majana sega zima. Wa pili hai. Wa tatu, wa nne, nikawa sitembei tena, naruka! Kumi na nane kati ya ishirini, na warukaji wadogo wenye manyoya mapya wakirudi na chavua miguuni. Mwanawe Arbab alitoa simu akaanza kupiga picha, na nilijua achari imeyumba.

Ile ishirini ya Arbab: tupu, tupu, hai, tupu. Tulipofika wa mwisho walikuwa hai watano. Kumi na nane na tano.

"Ishirini na tatu," akasema Arbab polepole. Haikumfurahisha, nitamshuhudia hilo. "Ungenambia ishirini na tatu siku ile ningekubali. Lakini tulipeana mkono kwa ishirini na nne."

"Nahesabu tena."

"Mutinda, ishirini na tatu ni ishirini na tatu."

"Nahesabu tena, Arbab."

Nikarudi kwenye ile tuliyoipita kama mitupu, nikainua kila fremu, pande zote mbili. Namba thelathini na moja, fremu ya tisa, kwenye kona ya chini: nyuki kiasi cha kuenea kiganjani, wamejikunja tonge moja kama waliopigwa na baridi kali. Nikapuliza kwa upole, wakaachana. Katikati alikuwapo malkia, na pembeni yake mayai, meupe, yamesimama wima kama punje za mchele mbichi.

"Huo si mzinga," akasema mwanawe. "Hiyo ni ngumi ya nyuki."

"Ngumi yenye malkia ni mzinga," nikasema. "Na huyu malkia, Arbab, wewe ndiye uliyemtoa kwa mkono wako. Ukisema si mzinga, umkane mwenyewe."

Arbab akainama mpaka wavu wake ukagusa fremu. Alimtazama yule malkia akiingiza tumbo kwenye tundu la sega, akitaga. Akasimama wima, akajifuta jasho.

"Okello!" akaita. "Leta maji ya sukari, huyu wa ishirini na nne ana njaa."

Okello akayaleta mwenyewe, hadi mlangoni. Nilihesabu: hatua sifuri. Aliumwa mara moja, puani, na akasimulia habari hiyo hadi Krismasi.

Shamba halikufungwa. Nimelifanyia kazi miaka kumi na minane baada ya siku ile, na hatukuzika tena kama zamani. Wafugaji wa jirani walikuja, kwanza kucheka, kisha kuuliza bei ya rola. Nikawaelekeza kwa Bi Zuhura, ambaye hadi leo anaamini kuna saluni kubwa sana mahali fulani njia ya Hatta. Ile ngumi ya thelathini na moja, tukiilisha na kuikopesha fremu mbili za majana, ilipita kipindi cha baridi na kutoa asali ya mgunga mwaka uliofuata.

Sasa nina miaka sitini na miwili, visa imekwisha, na ninaandika haya chumbani Deira, begi limefungwa miguuni. Nimelipima kwa mizani ya wakala wa mizigo, nikalipima na ya jirani yake. Vijana huniuliza, mzee, Dubai umepata nini? Nawajibu kwamba nimejua nyuki mmoja anaweza kuishi wiki sita au miezi sita, na tofauti ni nani aliyempunguzia mzigo. Kwa hiyo chagueni arbab vizuri, na msione haya kuomba likizo. Nyumbani Kitui nina magogo matatu ya babu juu ya miti, na sina haraka nayo.

Jana nilimkabidhi Okello vifaa: bomba la moshi, chuma, mabeseni, na sanduku la rola. Amekuwa mkubwa wa shamba sasa. Anafungua mizinga bila glovu na kuwafokea wanaosimama mbali. Alizihesabu mbele yangu, kama nilivyomfundisha.

"Mzee Mutinda, ni arobaini na saba."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. "Arobaini na saba. Daftari la vifaa linasema arobaini na nane."

"Pakiti moja ilikuja na kumi na moja," nikamwambia, nikaweka mkono mfukoni juu ya ile ya waridi. "Muulize Bi Zuhura."